Damu ya Mwanamke Aliyeletwa kwa Machela

Sipendi mtu anapoziita chembe nyeupe za damu askari. Mjukuu wangu alipewa kitabu shuleni chenye picha ya chembe iliyovaa kofia ya chuma na kushika mkuki, nikamwambia akifunge aniletee chai. Chembe hizo nimezihesabu zaidi ya miaka thelathini, jicho kwenye hadubini, mpaka mgongo ukapinda na haunyooki tena. Askari nao nimewaona, tena wengi kuliko nilivyotaka. Hawafanani hata kidogo, na mtu akinibishia huwa namwacha kwa kuwa sina tena nguvu za kubishana.

Miaka ya vita vya shifta, waasi wa Kisomali waliopigana na serikali ya Kenya, nilikuwa mpima damu katika kituo kidogo cha afya kando ya mto Tana, kati ya Garissa na Balambala. Kituo chenyewe hakipo tena, na wengi niliofanya nao kazi wamekwishatangulia mbele ya haki. Mimi ni mtu wa mtoni, wa wakulima wa ukingoni. Wasomali waliniona mtu wa serikali, na serikali iliniona ndugu wa Wasomali kwa sababu tuliswali pamoja, basi kila upande ukawa unanisalimu kwa tahadhari. Jambo hilo lilinichosha mapema sana, hata kabla ya kazi yenyewe kunichosha.

Watu wa malishoni walikuwa wamekusanywa kijiji kimoja karibu nasi, wakazungushiwa ua wa miba na juu yake seng'enge. Ngamia wao walikuwa wamekufa au wamechukuliwa, na waliobaki nao ni mbuzi wachache waliochungwa mbali na wanaume wachache wenye vibali. Lango lilifunguliwa asubuhi. Kati ya lango na kituo chetu kulikuwa na uwanja uliofyekwa vichaka vyote, mwendo wa dakika kumi hivi, na askari hawakutaka kumwona mtu akitembea polepole mahali pale. Wagonjwa walitolewa kwa kundi, mikono kichwani, wakakimbizwa kutoka langoni mpaka kwenye baraza yetu. Mzee alikimbia, mjamzito alikimbia, mwenye pumu alikimbia. Walifika wanatweta, macho yamewatoka, nami nikiwa mlangoni na sindano yangu ya kudungia kidole. Nilianza kuwapima papo hapo, maana chumba changu kilikuwa cha mabati na ikifika saa nne hakikaliki.

Shida yetu kubwa ilikuwa penisilini. Barabara ya kutoka Garissa ilikuwa imetegwa mabomu ya ardhini, dawa zilikuja kwa msafara wa magari ya jeshi, na msafara ulikuja siku ulipojisikia. Halafu wakubwa wa usalama wakashuku kwamba dawa zetu zinavushwa kupelekewa shifta vichakani, wakaamuru kila kichupa kinachotumika kiwe na sababu iliyoandikwa. Tuliyemwita daktari hakuwa daktari kamili, alikuwa daktari msaidizi, mtu wa kutoka upande wa ziwa, mrefu, mwenye usingizi usiomtoka machoni. Alikuwa mtu mwema na alikuwa amechoka kuhojiwa. Akatoa amri yake naye: kila anayeonekana kuhitaji penisilini apimwe damu kwanza. Chembe nyeupe zikiwa nyingi, basi mwilini mna uchafu, apewe sindano. Zikiwa za kawaida, apewe aspirini na pole nyingi.

Nakiri kwamba nilifurahi. Kabla ya hapo hakuna aliyejali nilichoandika. Sasa nilikuwa mtu wa kusubiriwa, na watu walinitazama mikono. Nilivuta damu ya kidole kwa kijibomba cha kioo mpaka kwenye alama, nikaichanganya na maji ya dawa yanayoziua chembe nyekundu na kuziacha nyeupe, nikaweka tone juu ya kioo kilichochorwa viboma vidogo vidogo vya mraba, nikahesabu. Mtu mzima asiye na ugonjwa huwa na kati ya elfu nne na elfu kumi kwa kipimo chetu. Watu wa kijiji kile walinitolea elfu kumi na mbili, elfu kumi na nne, mmoja baada ya mwingine. Niliwahi kumwambia daktari kwamba watu hawa wote ni wagonjwa. Akaniambia nami ningekuwa mgonjwa kama ningeishi mle.

Siku ninayoisimulia ilikuwa ya kiangazi. Kundi lilifika likitweta kama kawaida, na mbele yao mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu mzima mwenye kikohozi na makohozi ya rangi, aliyekuwa amekimbizwa uwanja mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alisimama kuokota kiatu chake. Nyuma kabisa, wakitembea, walikuja wanaume wanne wamebeba machela ya ngozi ya ngamia iliyofungwa kwenye miti miwili. Wale waliruhusiwa kutembea kwa kuwa huwezi kukimbia na machela, na mmoja wao alikuwa ameinua kitambaa cheupe.

Juu ya machela alilala mwanamke wa miaka ishirini na kidogo, mama wa watoto wawili, amefumba macho. Mama yake alikuwa akimfuata ameshika kanga ya bintiye kama anayechunga kitu kisidondoke. Mume wa yule mwanamke alikuwa Balambala na mbuzi waliosalia. Paja la kulia la mgonjwa lilikuwa limevimba, gumu kama ubao, lakini ngozi juu yake haikuwa na wekundu wala joto la kutisha. Kilichoonekana ni madoa manne ya kuchomwa. Nyumbani walikuwa wamekipasha kijiti motoni wakamchoma palipouma, kama wafanyavyo kwa maumivu yasiyoonekana chanzo chake.

Daktari aliyaona yale madoa akakasirika. Alisema yamemharibia ngozi, sasa hawezi kujua wekundu upi ni wa ugonjwa na upi ni wa moto.

"Alianguka?" akauliza.

"Alianguka mtoni na maji," mama akajibu. "Wiki mbili sasa. Mguu nakuwa ngumu, nakuwa ngumu, usiku nalia."

Daktari aliminyaminya lile paja, akapima homa, ikawa ndogo. Alisema huenda ni msuli uliovilia damu ndani, na hilo huisha lenyewe, au huenda ni jipu la ndani kabisa, na hilo huua. Akanitazama. Kwenye kabati mlibaki vichupa vinne vya penisilini, dawa ya mtu mmoja, na habari za msafara hazikuwepo.

Mama alinifuata mpaka mlangoni pa chumba changu. Nilimwita edo, yaani shangazi, kama nilivyowaita kina mama wote wa rika lake, naye aliniita edo vilevile, kwa sababu kwao mkubwa humrudishia mdogo jina lile lile la undugu. Nilipenda desturi hiyo. Ilinifanya nijione wa nyumbani kwa muda mfupi.

"Edo, wewe ndio dagtari wa damu?"

"Mimi ni mpimaji tu, edo."

"Bima basi. Bima fizuri. Mutu anaweza kukosea, damu haifichi kitu."

Nilipima vizuri. Hilo naweza kuapa. Viboma vyangu nilivihesabu mara mbili. Yule mfanyabiashara mwenye kikohozi alikuwa na elfu kumi na tano. Yule mwanamke alikuwa na elfu tano na mia mbili, damu ya mtu aliyetoka kuamka nyumbani kwake na kunywa chai. Nikaandika kwenye daftari, nikampelekea daktari. Hakufikiri sana, na mimi ningefanya vivyo hivyo. Penisilini ikaenda kwa kikohozi, aspirini ikaenda kwa paja. Mwanamke akalazwa kwenye kitanda cha chumba cha kina mama apumzishe mguu.

"Damu nasema nini?" mama akaniuliza.

"Damu yake ni nzuri, edo. Haina kitu."

Alimshukuru Mungu kwa sauti, akakaa chini hapo hapo sakafuni kwa ajili ya kupumzika. Nadhani alikuwa hajakaa tangu jana yake.

Siku ya nne nilikuwa kijijini alfajiri kuchukua makohozi ya wagonjwa wa kifua. Askari wa langoni walikuwa wamebadilishwa usiku ule. Yule mpya hakunijua. Nilimwonyesha kibali, akakitazama kikiwa kichwa chini, akanirudishia, akaniambia niingie kwenye mstari na wenzangu. Nikamwambia mimi ni wa serikali. Akaniambia hata yeye. Basi nikaweka mikono kichwani, mfuko wa vichupa vya makohozi ukinipigapiga mgongoni, nikakimbia uwanja mzima na vikongwe na watoto, na kila nilipopunguza mwendo nilisikia kelele nyuma yangu. Sijawahi kuwa na hasira kama ile, wala hofu kama ile, na sikujua ipi ni ipi.

Nilifika natweta kama wao. Watu walinisubiri. Nikawaza, maji yangu ya dawa yameharibika kwa joto, haiwezekani kijiji kizima kiwe na elfu kumi na nne. Sijui kwa nini wazo hilo lilinijia siku hiyo na si nyingine. Labda nilitaka tu kubishana na mtu, na aliyekuwepo ni mimi. Tulifundishwa kwamba ukitilia shaka vifaa vyako, jipime mwenyewe. Nikajidunga kidole, nikahesabu. Elfu kumi na tatu. Sikuwa na homa, sikuwa na kidonda, nilikuwa nimekula ugali jana yake nikamaliza.

Niliwaambia wagonjwa wasubiri. Nikakaa kwenye kiti, nikanywa chai, nikaswali rakaa mbili ambazo sikuwa na deni lake, nikakaa tena. Baada ya saa moja nikajidunga kidole kingine. Elfu sita.

Hapo ndipo nilipomkumbuka chura.

Wakati wa mafunzo Nairobi, mwalimu wetu alileta chura aliyelewa dawa ya usingizi, akamlaza juu ya ubao wenye tundu, akamvuta ulimi na kuutandaza juu ya lile tundu kwa pini. Ulimi wa chura ni mwembamba, mwanga unapita. Kwenye hadubini tuliona mishipa midogo na damu inakwenda kasi, huwezi kutofautisha kitu. Mwalimu akaugusa ulimi kwa ncha ya waya iliyopashwa moto, akatuambia tungoje. Mishipa ilipanuka. Damu ikapunguza mwendo. Chembe nyekundu zikaendelea katikati, na zile nyeupe, kubwa zaidi, zikaanza kusogea pembeni, kama magogo yanavyosukumwa ukingoni mto unapopungua nguvu. Zikawa zinabingirika kwenye ukuta wa mshipa, polepole, nyingine zinasimama, zinaendelea, zinasimama tena. Halafu zikanata.

Nilikuwa na njaa siku ile na nilitaka mwalimu amalize. Lakini alitulazimisha tuchague chembe moja tusiiache. Ya kwangu ilikaa imenata ukutani muda mrefu sana, nikadhani imekufa. Kisha nikaona upande wa nje wa mshipa kijinundu kidogo, kama ncha ya kidole inayosukuma kitambaa. Kile kijinundu kikakua, na chembe yenyewe ndani ikapungua kwa kiasi kile kile. Ilibanwa kiunoni katikati ya ukuta, nusu huku nusu kule. Hapakuwa na tundu, damu haikuvuja. Ilichukua karibu dakika arobaini, ikatoka yote, ikakaa kidogo nje ya mshipa, kisha ikaanza kutambaa kuelekea pale palipochomwa. Nyingine zikaifuata. Hazikupiga kelele, hazikubomoa kitu, hazikumkimbiza mtu, na ndiyo sababu siwezi kuziita askari.

Mwalimu alisema mambo mawili mwishoni, nami niliyaandika, na daftari lenyewe nilikuwa nalo kituoni, chini ya sanduku la vioo. La kwanza: chembe ikitoka mshipani hairudi, itafia huko ilikokwenda, na usaha ni maiti zake. Kwa hiyo jipu likiwa kubwa na la ndani, huenda damu ya kidole isikwambie lolote, maana chembe unazozitafuta zimekwishahama. La pili: hata kwa mtu asiye na ugonjwa, chembe nyingi haziko kwenye mkondo, ziko pembeni zimejishikiza kuta za mishipa. Mtu akikimbia au akitishika, mkondo unazikokota zote na hesabu yako inapanda mara mbili. "Msimpime mtu aliyetoka kukimbia," alisema. "Mkalisheni kwanza."

Nilikuwa nimewapima watu waliotoka kukimbia kwa miezi saba. Kila aliyepata penisilini alipewa kwa sababu ya mbio na hofu, wengine labda na ugonjwa pia, sijui. Na mtu mmoja tu kati yao wote nilimpima akiwa ametulia, yule aliyekuja kwa machela, na ndiye niliyemwandika mzima.

Nilimkuta daktari anafunga kidonda cha mtoto. Nikamweleza nikiwa nimesimama.

"Wote walikimbia?" akauliza.

"Wote. Isipokuwa yule wa paja."

Alimaliza kufunga kile kidonda kwa utaratibu, akamrudisha mtoto kwa mama yake, kisha akakaa kwenye ngazi ya baraza. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisema, "Lete sindano nene kuliko zote."

Yule mwanamke alikuwa amebadilika. Midomo imekauka, anapumua kwa haraka, homa imepanda usiku ule na mama yake alidhani ni kwa sababu ya joto la chumba. Daktari aliingiza sindano ndani ya paja, akaenda kina cha kidole kizima bila kupata kitu, akasukuma tena kidogo. Bomba likajaa usaha mzito, kama unga wa maziwa uliokorogwa kwa maji haba.

Nilichukua tone nikaenda nalo kwenye hadubini. Sikuwa na haja ya kuhesabu. Kioo kizima kilijaa chembe nyeupe, zimebanana, nyingine zimepasuka, nyingine bado zimemeza vijidudu ndani yake, huku na huku hakuna nafasi ya kuweka ncha ya sindano. Kumbe zote nilizozikosa kwenye kidole zilikuwa hapa. Zilikuwa zimetoka mshipani siku kumi au zaidi zilizopita, moja moja, zikibanwa kiunoni, zikafanya kazi yake na kufa, na mimi nilikuwa ng'ambo ya pili nikiandika kwamba damu yake haina kitu. Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto.

Daktari alimpasua mchana ule, mimi nikishika bakuli. Ulitoka usaha wa kujaza bakuli na nusu ya pili. Vile vichupa vinne, vitatu vilikuwa vimekwisha kwa mwenye kikohozi, na cha nne alipaswa kuchomwa asubuhi ile. Tukampa yeye hicho kimoja. Daktari akaenda kwa askari wa redio kuomba gari la Garissa. Akaambiwa asubiri msafara kama watu wengine.

Kesho yake alifungua macho akaomba chai yenye maziwa ya ngamia. Maziwa ya ngamia hayakuwepo, mama yake akamdanganya kwa ya mbuzi, naye akasema haya si yenyewe, akatabasamu. Niliamini atapona. Niliamini kwa nguvu zote, kama mtu anayesukuma gari lililokwama. Siku iliyofuata homa ikarudi na baridi kali, akaanza kuwaita watoto wake ambao hawakuwa chumbani, na mama yake akamjibu kwa niaba yao, "Hoyo, hoyo," neno la Kisomali ambalo mwana humwitia mama na mama humwitia mwana. Alikufa baada ya swala ya alasiri. Msafara ulifika siku mbili baadaye na masanduku ya penisilini yaliyotosha mpaka mvua.

Yule mfanyabiashara alipona. Nadhani angepona hata kwa maji ya moto na asali. Kwa miaka mingi baadaye, tulipokutana soko la mifugo Garissa, alinishika mkono kwa mikono yake miwili na kuwaambia wenzake kwamba mtu huyu ndiye aliyemwokoa kwa jicho lake. Nilimchukia kwa jambo ambalo hakulifanya, kisha nikachoka hata kumchukia.

Tangu siku ya kifo nilikusudia kumweleza mama ukweli. Nilijiambia nitangoja azike. Akazika. Nikajiambia nitangoja zipite siku saba za msiba. Siku ya nane alikuja mwenyewe, akitembea, kwa kuwa tangu tumweleze mkubwa wa askari jambo la mbio, wagonjwa waliruhusiwa kutembea. Hilo moja tulilipata. Alikuja na wanaume wawili, ami za mkwewe, yule mume wa marehemu, wakakaa kwenye benchi la baraza, nami nikaitwa kutoka chumbani kwangu nikiwa na daftari mkononi, maana nilijua nitaulizwa.

Mmoja wa wale ami ndiye aliyesema. Alikuwa na adabu sana. Alinieleza kwamba kwao mke akifa, ndugu yake wa kike aweza kuchukua nafasi yake kwa mume yule yule, ili watoto walelewe na damu yao wenyewe na si na mgeni. Mdogo wa marehemu yupo, na ndiye anayewalea wale wawili tangu dada yake alale. Lakini watu wanasema maneno. Wanasema mtu hafi kwa paja, huenda nyumba ile ina ugonjwa ndani ya damu.

"Kama iko ugonjwa, watoto tunachukua," alisema. "Tunabeleka Balambala, kwa mama ya baba yao. Kama hakuna, msichana anakuja, watoto nabaki na yeye. Wewe ndio alibima. Sisi nataka kusikia kwa mdomo yako."

Mama alikuwa amekaa kando yao. Alikuwa amekonda siku nane zile, kanga imemlegea mabegani. Alinitazama kama alivyonitazama siku ile mlangoni.

"Waambie, edo. Damu ya mtoto yangu ilikuwa namna gani?"

Niliyokuwa nimeyapanga yote nilikuwa nayo mdomoni. Kwamba nilikosea. Kwamba hesabu ile haikuwa na maana. Kwamba kama ningemkalisha yule mwenye kikohozi saa moja tu kabla ya kumdunga, hesabu zao mbili zingelingana, daktari angelitazama paja lenyewe, na bintiye angepata vichupa vinne vyote siku ya kwanza. Nikawatazama wale wanaume wawili, nikaona watasikia neno moja tu kati ya yote hayo, kwamba damu haikuwa sawa, na watoto wataondoka kesho.

"Ilikuwa safi," nikasema. "Nilipima mwenyewe. Sikuona kitu kibaya ndani yake."

Kila neno lilikuwa kweli, na mimi nilijiona mwongo ambaye hajapata kuzaliwa mwingine kama yeye. Nilijua pia kwamba sitaweza tena kumwambia lile lingine, si siku ile wala siku yoyote, maana nitakuwa nimewanyang'anya watoto walezi wao.

Yule ami akashukuru, akainuka. Mama hakuinuka. Alinyoosha mkono akauliza ni wapi palipoandikwa. Nikafungua daftari nikamwonyesha mstari. Hakujua kusoma. Aliweka kidole juu ya zile tarakimu zilizonipotosha, akakipitisha taratibu kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho, akarudia, kisha akaniombea dua kwa Kisomali, mimi na wazazi wangu na watoto nitakaowapata, dua ndefu, na kila alipovuta pumzi niliitikia amina.